Kabondo inajaa nyumba, kiwanja kiko wapi?

KISANGANI – Mtoto wa Kabondo akitoka shule na kutaka kucheza mpira, anachezea barabarani. Mpira ni wa plastiki na kamba, magoli ni mawe mawili, na kila dakika mchezo unasimama kupisha pikipiki au toleka iliyobeba mfuko wa muhogo. Mama anapiga kelele toka mlangoni, dereva anatukana, mchezo unaanza tena. Ni hivyo mpaka giza linaingia.

Jambo hili limezoeleka hata halihesabiwi tena kuwa shida. Na siku mtu anapolitaja, jibu liko tayari mdomoni: ni wakimbizi, walikuja wengi, wakajaza kila mahali. Jibu hilo ni la uongo, na wakati umefika wa kulikataa waziwazi. Jamaa zilizokimbia vita hazikugawa parseli hata moja Kabondo. Hazikupima mahali pa wazi kwa kamba na kupanda vijiti vya mipaka. Hazina mhuri. Hazitii sahihi kwenye karatasi ya ardhi. Kama viwanja vya Kabondo vinakwisha, vinamalizwa na wenye kalamu, si na wenye hema.

Serkali inayoruhusu nyumba kuongezeka ina deni. Lazima itenge mahali pa wote, na itoe feza ya kupatengeneza: kiwanja cha mpira, bustani yenye kivuli, bomba la maji, mfereji wa mvua, choo, taa. Feza hiyo iandikwe kwenye bajeti kabla parseli ya kwanza haijauzwa. Kungoja mpaka majirani waanze kupigana juu ya mita tatu za ardhi ni kuchelewa.

Mizani mbili tangu Stanleyville

Mji huu ulianza kama kituo cha Stanley mwaka 1883, na mpaka mwaka 1966 uliitwa Stanleyville. Wabelgiji waliupanga kwa mizani mbili. Kwa Wazungu, pale Makiso ya leo, walikata barabara pana, wakapanda miti, wakaacha mahali pa kupumzikia. Kando ya mto Tshopo wakatengeneza bustani ya wanyama. Kwa watu weusi walichora zile zilizoitwa cité: njia zilizonyooka, parseli zilizobanana, na basi. Mtu mweusi alihesabiwa kuwa mikono ya kazi. Alihitaji mahali pa kulala ili kesho arudi kazini. Mahali pa kukaa na watoto wake siku ya Mungu halikuwa jambo la kuandikwa kwenye ramani.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Mizani ile haikuvunjwa. Komine ni 6 mjini Kisangani: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Zunguka zote, na bado utaona kwamba mahali pa kupumua palipopangwa na serkali pako zaidi pale Wazungu walipojipangia wenyewe. Kabondo ilirithi njia zake na watu wake. Watu wameongezeka kizazi kwa kizazi, na ramani imebaki ileile. Zaidi ya hapo, yale mapengo machache yaliyobaki, pembeni ya shule, karibu na kijito, nyuma ya soko, yamekuwa yakikatwa moja moja.

Anayekata ana sababu yake. Uwanja wa mpira wa kipimo kamili una mita 105 kwa mita 68. Ni mita za mraba 7,140. Ukiukata parseli za mita 20 kwa 20, unapata parseli 17. Nyumba 17, jamaa 17, na feza inayoingia mfukoni mara 17. Upande wa pili wa hesabu kuna watoto wa mtaa mzima, leo na miaka 50 ijayo, lakini watoto hawalipi kitu ofisini. Ndiyo maana katika hesabu hii wanashindwa kila mara.

Watu waliokuja, na sababu iliyowaleta

Wale wanaolaumu wakimbizi wa ndani wakumbuke kwanza watu hao walikimbia nini. Mwaka 2023, kule Lubunga, ng'ambo ya mto, Wambole na Walengola walianza kuuana. Chanzo kilikuwa ardhi: mashamba yaliyotolewa kwa kampuni moja ya kilimo, huku upande mmoja ukisema waliotoa hawakuwa na haki ya kutoa. Vijiji vikachomwa. Watu wakavuka mto kwa mitumbwi, na maelfu wakaingia mjini bila kitu mkononi. Tazama basi: jamaa iliyofukuzwa kijijini kwa sababu wakubwa waligawa ardhi vibaya imefika mjini, na inalaumiwa kwa sababu wakubwa wengine waligawa ardhi vibaya.

Kisha vita ya mashariki ikaja. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na Machi waasi wakaingia Walikale. Jamaa nyingi za upande ule zilishika barabara ya Lubutu, zikatembea na kupanda pikipiki siku nyingi, mpaka Kisangani. Wengine walipokelewa na ndugu zao ndani ya nyumba za vyumba viwili. Wengine walilala kanisani, shuleni, au pale palipobaki wazi.

Na hapa ndipo watu wengi wanasahau kitu. Siku ya hatari, mahali pa wazi pa mtaa ndipo nyumba ya kwanza ya anayekimbia. Pale ndipo hema linasimama, pale ndipo gari la maji linaegesha, pale ndipo watoto wanapewa chanjo. Mtaa usio na kiwanja hauna pa kumpokea mgeni ila darasani. Mgeni akilala darasani, mtoto wa mwenyeji hasomi. Mtoto wa mwenyeji asiposoma, chuki inaanza. Chuki hiyo inamwangukia mkimbizi, na aliyeuza kiwanja anapita njiani akisalimiwa vizuri.

Hata kambi ina kipimo chake. Kitabu cha Sphere, ambacho mashirika ya misaada yanakifuata duniani kote, kinataka mita 45 za mraba kwa kila mtu katika kambi iliyopangwa, pamoja na njia, vyoo, shule, soko na mahali pa watoto kucheza. Jamaa 100 zenye watu 5 kila moja ni watu 500. Kwa kipimo hicho wanahitaji mita za mraba 22,500, kiasi cha viwanja vitatu vya mpira. Ulimwengu unakubali kwamba mtu aliyepoteza kila kitu bado anastahili njia, choo na mahali pa kukaa nje. Basi mtu wa Kabondo ambaye hajapoteza nyumba yake anastahili pungufu kwa sababu gani?

Kwa upande wa miji, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, linashauri kwamba kati ya 15 na 20 kwa mia ya ardhi ya mji iachwe kwa mahali pa wazi pa wote, mbali na barabara. Kongo yenyewe ilikubali, pamoja na mataifa mengine mwaka 2015, kwamba ifikapo mwaka 2030 kila mtu mjini awe na bustani na mahali pa wazi pa usalama, hasa wanawake, watoto, wazee na walemavu. Mwaka 2030 si mbali.

Sheria ipo, tena ya zamani

Hakuna anayeweza kujitetea kwamba sheria haikutunga jambo hili. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Taifa. Inagawa ardhi ya Taifa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya wote au kwa kazi ya serkali. Kifungu cha 55 kinasema wazi: ardhi ya fungu hilo haiwezi kupewa mtu binafsi maadamu haijaondolewa kihalali katika matumizi yale. Kiwanja cha watoto ni cha fungu hilo. Uwanja wa shule ya serkali ni wa fungu hilo.

Kwa hiyo mtu anayeuza kipande cha uwanja wa shule hauzi ardhi. Anauza karatasi. Na mtu anayenunua, hata kama ametoa feza ya jasho lake, ananunua kesi. Sheria hiyohiyo inasema mkataba uliofanywa kwa kuivunja ni bure. Wakaaji wengi wa mji huu hawakuambiwa hivyo na mtu yeyote. Waliambiwa mhuri upo, na mhuri wakauona.

Hapa lazima haki itendeke pande zote. Mnunuzi maskini, mkaaji wa siku nyingi au mkimbizi aliyeamua kubaki, mara nyingi ni mtu aliyedanganywa. Kumvunjia nyumba asubuhi moja kwa tingatinga, huku aliyemuuzia akibaki ofisini, si kurudisha kiwanja. Ni kumwibia mara ya pili. Aliyetia sahihi ndiye aanze kuitwa, ndiye arudishe feza.

Katiba nayo haikunyamaza. Kifungu cha 48 kinahakikisha haki ya makao yanayofaa, maji ya kunywa na umeme. Kifungu cha 53 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Makao yanayofaa hayaishii kwenye ukuta wa nyumba. Nyumba bila mfereji mbele yake ni kisima wakati wa mvua.

Feza iko, inapita pengine

Jibu la pili la wakubwa ni kwamba hakuna feza. Katiba, kifungu cha 175, inataka 40 kwa mia ya mapato ya kitaifa ibaki kwa majimbo. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataka 40 kwa mia ya fungu hilo la jimbo iende kwa miji, komine, sekta na chefferie. Fanya hesabu: katika kila franka 100, jimbo linapaswa kupata 40, na katika hizo 40, franka 16 zinapaswa kushuka chini mpaka ngazi ambayo Kabondo iko. Kila mkaaji anayelipa kodi sokoni Djubu-Djubu ana haki ya kuuliza zile 16 zinashukia wapi. Tangu Katiba itangazwe mwaka 2006, Kinshasa haijaacha kulaumiwa na majimbo kwamba haitoi 40 zao kamili. Majimbo nayo yanalaumiwa na komine kwa jambo lilelile. Kila mmoja anamlaumu wa juu yake, na wa chini kabisa ni mtoto anayecheza barabarani.

Kuna kitu kibaya zaidi. Sheria inataka feza hiyo igawanywe kwa kutazama nguvu ya mapato, ukubwa wa ardhi na wingi wa watu. Lakini hesabu ya mwisho ya watu wa nchi hii ilifanywa mwaka 1984. Mtu aliyezaliwa mwaka ule sasa ana wajukuu. Serkali inapanga mji wa leo kwa hesabu ya watu ambao wengi wao wamekufa, na jamaa zilizofika mwaka 2023 na 2025 hazimo katika hesabu yoyote ya kugawa feza. Kwa hiyo Kabondo inabeba watu wapya kwa feza ya watu wa zamani. Mzigo huo si kosa la mkimbizi. Kama angehesabiwa vizuri, kuja kwake kungeongeza fungu la komine.

Halafu kuna feza ya vita. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kwa mabomu. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, karibu 1,700 waliojeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomoka au kuharibika, na shule 69 zilizopigwa. Tarehe 9 Februari 2022, Korti ya Kimataifa ya Haki, mjini La Haye, iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa yale yote ambayo jeshi lake lilifanya katika Kongo: milioni 225 kwa watu walioumizwa, milioni 40 kwa mali iliyoharibiwa, milioni 60 kwa utajiri wa ardhi ulioporwa. Malipo ni dola milioni 65 kila mwaka kwa miaka 5, kuanzia 2022. Mfuko wa FRIVAO ulipewa kazi ya kuwafikishia wahanga haki yao, na makao yake yako hapa Kisangani.

Mji mzima unajua kilichofuata. Mwaka 2025 dola karibu milioni 19 zilitolewa kwa kazi ya kujenga gereza jipya Kisangani. Mambo yakafika Korti ya Kasasyo, Kinshasa, na ikaelezwa kwamba feza ilitoka katika mfuko wa wahanga. Tarehe 2 Septemba 2025, Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa Sheria, alihukumiwa miaka 3 ya kazi za nguvu. Yeye alikana kosa mpaka mwisho.

Korti imemaliza kazi yake. Swali la wakaaji halijamalizika. Feza kubwa kuliko nyingi zilizowahi kutajwa kwa jina la mji huu ilipopatikana, kitu cha kwanza kilichofikiriwa kilikuwa kuta za kufungia watu. Gereza linaweza kuwa la lazima. Lile la zamani limebanana. Lakini feza ya mhanga ni ya mhanga, na lazima imfikie mkononi kwanza. Na bajeti ya serkali yenyewe, si ya mhanga, ndiyo inayopaswa kujenga mahali ambapo kijana anapitisha jioni yake kabla hajajifunza njia ya gereza.

Wanaosema bustani ni ya matajiri

Kuna wengine, tena watu wa nia njema, wanaosema: watu wana njaa, watu wanalala kwenye plastiki, nani anataka maua? Wanastahili jibu.

Hakuna anayeomba maua. Mahali pa wazi palipotengenezwa vizuri ni kazi nyingi kwa mara moja. Udongo usiofunikwa na saruji na mabati unakunywa maji ya mvua. Mtaa uliojaa nyumba tupu unayatuma yote kwa jirani wa chini, na yakisimama yanazaa mbu, na mbu wanaleta malaria. Miembe minne yenye kivuli ni mahali pa mama kuuza kwanga na ndizi bila kuchomwa na jua, na mahali pa wazee kusuluhisha ugomvi. Taa moja ya jua ni usalama wa binti anayekwenda kuchota maji jioni. Kiwanja chenye mipaka ni mahali ambapo mtoto wa Mbole, wa Lengola, wa Walikale na wa Kabondo wanakutana timu moja kabla hawajafundishwa kuchukiana. Vikao vya amani vinavyofanywa hotelini kwa bia baridi havijafanya hivyo bado.

Wengine wanasema: kwanza ondoa wakimbizi, kisha tengeneza kiwanja. Hao watazame Dar es Salaam. Bonde la Msimbazi lilikuwa linafurika kila mvua kubwa, na maelfu walikuwa wamejenga ndani yake. Mwaka 2022 serkali ya Tanzania ilipata mkopo wa dola milioni 200 toka Benki ya Dunia, pamoja na msaada mwingine, kwa kurekebisha bonde na kulifanya bustani ya mji. Kabla ya nyumba kubomolewa, wenye nyumba waliandikwa na kulipwa fidia. Kulikuwa na manung'uniko juu ya viwango, ndiyo. Lakini utaratibu ulikuwa huu: mtu kwanza, bustani baadaye. Kigali nayo ilichukua bwawa la Nyandungu lililokuwa limeharibika, ikalitengeneza, na mwaka 2022 ikalifungulia watu. Kigali haikuwa na ardhi ya ziada kuliko Kisangani.

Na Nairobi inafundisha jambo lingine. Mwaka 1989 chama kilichotawala Kenya kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya watu wa kawaida. Wangari Maathai aliandika barua, akapiga kelele, akatukanwa bungeni, akafukuzwa ofisini kwake. Wafadhili wa nje wakaogopa, jengo halikujengwa, na bustani ipo mpaka leo. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Hakuwa na jeshi wala feza. Alikuwa na barua na ukaidi.

Kitu gani kifanyike

Kwa hiyo malalamiko yapelekwe mahali pake, na majina ya ofisi yatajwe.

1. Washauri wa komine ya Kabondo, waliochaguliwa Desemba 2023, ndio wanaopiga kura ya bajeti ya komine. Bajeti ijayo iwe na mstari wake wa mahali pa wazi, wenye kiasi na jina la mahali, si maneno ya jumla. Mshauri asiyeweza kuonyesha mstari huo asirudi mtaani kuomba kura.

2. Burgumestre, pamoja na mashefu wa kartye, watangaze orodha ya kila kiwanja, uwanja wa shule na kando ya kijito zilizobaki Kabondo. Orodha ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya komine na isomwe redioni. Kinachojulikana na wote ni vigumu kuuzwa usiku.

3. Ofisi za ardhi na Kadastre zisimamishe kila karatasi mpya juu ya mahali yaliyo kwenye orodha ile. Karatasi zilizokwisha kutolewa zichunguzwe, na waliozitoa waitwe mbele ya wale walionunua.

4. Gavana na Bunge la jimbo la Tshopo watangaze, kila miezi mitatu, kiasi gani kilitoka Kinshasa na kiasi gani kilishuka kwa kila komine. Franka 16 zile haziwezi kuwa siri.

5. Kila parseli mpya zinapopimwa pembeni ya mji, mahali pa wote papimwe kwanza na kuwekewa mipaka ya saruji. Ndipo mauzo yaanze.

6. Jamaa za wakimbizi wa ndani zihesabiwe na ziwe na sauti katika kila kikao juu ya mahali wanapokaa. Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 unaweka jukumu la kuwalinda juu ya serkali kwanza kabisa. Hakuna hema linaloondolewa kabla mwenye hema hajaonyeshwa mahali pengine penye maji na choo, au hajasaidiwa kurudi kwao kwa amani.

Wakaaji nao wana kazi. Salongo ya siku ya posho isiishie kufyeka nyasi mbele ya ofisi ya mkubwa. Mtaa unaoweza kutoka pamoja kuzibua mfereji unaweza kutoka pamoja kupanda miembe kwenye mpaka wa kiwanja chake, mwenyeji na mgeni bega kwa bega. Mti wenye miaka mitano ni shahidi ambaye mwenye kamba na vijiti hapendi kumkuta.

Na mtu akija kukuuzia parseli ya bei nzuri katikati ya mtaa, mahali ambapo jana watoto walikuwa wanacheza, muulize mbele ya mashahidi: ardhi hii iliondolewa lini katika matumizi ya wote, na kwa sahihi ya nani? Mwombe karatasi ya jibu hilo, si mhuri tu. Asipoionyesha, weka feza yako mfukoni, na uende kumwambia jirani.